Kilicho Baina ya Michoro Miwili: Fremu Kuu na Suala la Utunzi katika Filamu ya La Faim (1974) ya Peter Foldes

Filamu fupi ya La Faim, yaani Njaa, iliyoongozwa na Peter Foldes na kutolewa mwaka 1974 na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, hutajwa zaidi kwa sababu ya tarehe yake kuliko kwa sababu ya yaliyomo. Ni miongoni mwa filamu za mwanzo za uhuishaji zilizochorwa kwa msaada wa kompyuta. Ilipata tuzo ya jopo la waamuzi huko Cannes na iliteuliwa kuwania Oscar. Wengi wanaoiandika hukomea hapo. Sifa hizo ni za kweli, lakini zinaigeuza kazi ya sanaa kuwa jiwe la mpaka katika historia ya mitambo. Swali la msingi linabaki halijaulizwa: ikiwa msanii alichora fremu chache na mashine ikachora nyingi, maana ya filamu imo katika zipi?

Fremu kuu ni mchoro, au katika programu za leo za kuhariri video ni thamani, ambayo mtunzi anaiweka kwa makusudi katika nukta fulani ya wakati. Zote zilizo kati ya fremu kuu moja na nyingine ni za kujaziwa. Mgawanyo huu ulikuwapo kabla ya kompyuta. Katika studio za Walt Disney, wahuishaji wakuu walichora mikao muhimu ya mhusika, na wasaidizi wao, wachoraji wa kati, wakajaza pengo. Haifai kudhani kwamba wasaidizi hao walikuwa wanakopi tu. Mkono unapopunga hupita katika tao, si katika mstari ulionyooka, na mwendo huanza polepole na kuisha polepole. Kanuni hizi mbili zimo katika kanuni 12 za uhuishaji ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston waliziandika mwaka 1981. Mchoraji wa kati aliyezifahamu alikuwa akitoa uamuzi wa kisanaa katika kila karatasi, japo jina lake mara nyingi halikuonekana.

Mwaka 1969 Nestor Burtnyk, mwanasayansi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alimsikia mhuishaji wa Disney akieleza mgawanyo huo wa kazi, akaona kwamba nafasi ya mchoraji wa kati ingeweza kushikwa na kompyuta. Yeye na mwenzake, Marceli Wein, waliunda mfumo ambao Foldes aliutumia kwanza katika jaribio lake la Metadata (1971), kisha katika La Faim. Msanii alichora fremu kuu mstari kwa mstari. Mashine ikauoanisha mstari wa kwanza wa mchoro wa mwanzo na mstari wa kwanza wa mchoro unaofuata, wa pili na wa pili, na kuendelea, halafu ikakokotoa hatua za kati. Ikumbukwe kwamba uoanishaji huo haukutegemea kufanana kwa maumbo. Mashine haikujua pua wala kijiko. Ilijua mfuatano tu. Mstari wa shavu ukiwa wa tatu katika mchoro mmoja, na mstari wa sahani ukiwa wa tatu katika mwingine, shavu litakuwa sahani.

Jambo hili ndilo ufunguo wa kuisoma filamu. Kisa chake ni chepesi: mtu wa ofisini anakwenda kula, anakula, anazidi kula, mwili wake unafura kupita kiasi, mwishowe, katika jinamizi, anavamiwa na kuliwa na umati wa wenye njaa. Kikisimuliwa hivi kinakaribia kuwa mahubiri. Kinachokiokoa ni namna umbo moja linavyopita kuwa jingine bila kukatwa. Mtu na chakula chake vimechorwa kwa mistari ya aina moja, na mistari hiyo haimilikiwi na yeyote kati yao. Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo inatenga watu wawili na kuweka kizuizi baina yao. Filamu inachukua mstari ule ule uliomchora mshibaji na kuupeleka kwingine, hata kizuizi kikakosa pa kusimama.

Zingatia pia hesabu. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, mpito wa sekunde 4 una fremu 96. Msanii akichora ya kwanza na ya mwisho, 94 zinatoka kwenye mashine. Kila nukta katika mstari husafiri kwa njia iliyonyooka kutoka pale ilipo hadi pale inapokwenda, na unyofu huu una gharama. Mkono wenye urefu wa sentimita 10 ukigeuzwa nyuzi 90 kwa njia hiyo, katikati ya safari utakuwa na takribani sentimita 7 tu, kisha utarefuka tena. Kubadili kasi, yaani kuanza polepole na kumalizia polepole, hakuondoi tatizo hilo, kwa kuwa kasi hurekebisha lini nukta inafika bali si inapitia wapi. Kwa kipimo cha Disney hilo ni kosa la wazi. Katika La Faim, hata hivyo, mwili unaonywea na kufura bila mifupa ndio mwili hasa unaohitajika: nyama isiyo na kiunzi, tayari kuwa kitoweo.

Hapa uhakiki wa Kiswahili, uliozoea kupanga fani upande mmoja na maudhui upande mwingine, unakabiliwa na kazi ngumu kidogo. Fani ya filamu hii haiyabebi maudhui kama kikapu kinavyobeba samaki. Norman McLaren, aliyefanya kazi katika Bodi hiyo hiyo tangu 1941, alishikilia kwamba kinachotokea baina ya fremu ni muhimu kuliko kilicho ndani ya kila fremu. Akikubaliwa, basi sehemu iliyo muhimu zaidi ya La Faim imechorwa na kisichojua ulafi wala dhiki.

Hitimisho kwamba mashine ndiyo mtunzi, hata hivyo, halina mashiko. Foldes, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa ameshatengeneza A Short Vision (1956) pamoja na Joan Foldes, filamu ya maangamizi ya nyuklia ambamo nyuso za watu zinaharibika mbele ya mtazamaji. Na hiyo ilifanywa kwa michoro ya mkono. Umbo linaloshindwa kubaki lilivyo lilikuwa suala lake miaka 18 kabla ya La Faim. Aidha, ni yeye aliyeamua mstari upi uchorwe kwanza. Uamuzi wa mchoraji wa kati haukutoweka. Ulihamia katika mfuatano wa mistari, mahali ambapo mtazamaji hawezi kuuona.

Filamu haikosi dosari. Pale inapombadilisha mhusika kwa sababu tu mbinu inaruhusu, mpito hugeuka kionjo, na jicho huanza kukisia umbo lijalo badala ya kumfuata mlaji. Uzito pia unakosekana: mtu anayenenepa kiasi hicho angepaswa kuilemea sakafu, ilhali huyu anaelea. Wabunifu wa mfumo wenyewe walilishughulikia suala la mwendo, kwani mwaka 1976 Burtnyk na Wein walichapisha mbinu ya kuongoza michoro kwa kiunzi, ambapo umbo jepesi la vijiti huhuishwa kwanza na mchoro kamili hulifuata. Mwaka 1997 wote wawili walitunukiwa na Akademia ya Marekani kwa mchango wao wa kiufundi.

Programu za sasa zimekifanya kiunzi hicho kuwa jambo la kawaida. Katika Adobe After Effects, mahali, ukubwa, mzunguko na uangavu kila kimoja kina fremu kuu zake katika mstari wa wakati. Mzunguko ni namba inayotoka 0 hadi 90, kwa hiyo mkono haufupiki njiani. Mhariri anayetaka mwili wa La Faim lazima aache njia hiyo na kuweka fremu kuu kwenye mzingo wenyewe wa umbo, kipeo kwa kipeo. Humo atakuta programu inamtaka ateue kipeo cha kwanza. Akikihamisha kutoka kidevuni hadi sikioni katika fremu kuu ya pili peke yake, michoro yote miwili itabaki ilivyo, lakini uso utajikunja na kupinduka kabla ya kufika.