Ndia Kuu na Kipimo cha Mtu

Uhakiki si kazi ya vitabu peke yake. Nyumba yaweza kusomwa kama kitabu kisomwavyo, na mtaa waweza kupimwa kama utenzi upimwavyo: tukauliza umetungwa kwa ajili ya nani, umesema nini, na ni nani aliyesahauliwa ulipokuwa ukitungwa. Katika insha hii nataka kuusoma mtaa mmoja wa Mombasa uitwao Ndia Kuu, na kuuliza swali moja tu. Je, mtaa huu wamkubali kila mtu, mwenye nguvu na asiye na nguvu, aonaye na asiyeona, aendaye kwa miguu na aendaye kwa kiti cha magurudumu? Swali ni jepesi kulitamka, lakini jibu lake si jepesi.

Ndia, kwa lugha ya Kimvita, ni njia. Mtaa huu huanza karibu na Fort Jesus na kuingia ndani ya Mji wa Kale, katikati ya nyumba za ghorofa zenye roshani na milango ya nakshi, maduka yakiwa chini na makazi yakiwa juu. Ni miongoni mwa njia za zamani sana za kisiwa hicho. Jina lake ni sifa, na kila sifa ni ahadi. Njia ikiitwa kuu, twatazamia ukuu wake usiwe wa umri tu. Njia ambayo wengine hawawezi kuipita ni kuu kwa nani?

Kabla ya kuhukumu yatupasa tuwe na mizani. Mizani moja ijulikanayo sana siku hizi ilitoka Marekani. Msanifu wa majengo aliyeitwa Ronald Mace, aliyezaliwa mwaka 1941 na kufariki mwaka 1998, alipatwa na ugonjwa wa kupooza utotoni, akatumia kiti cha magurudumu maisha yake yote. Yeye ndiye aliyeeneza wazo la usanifu kwa wote, yaani kwamba vitu na majengo yatengenezwe tangu mwanzo kwa namna ambayo watu wengi iwezekanavyo wataweza kuyatumia, pasipo kumtengea mtu yeyote mlango wa uani. Mwaka 1997 yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walitoa kanuni saba. Kitu kiwafae watu wote kwa usawa. Kikubali kutumiwa kwa namna mbalimbali. Kiwe chepesi kufahamika. Kitoe habari zake kwa aonaye na asiyeona, kwa asikiaye na asiyesikia. Kivumilie kosa la mtumiaji lisigeuke kuwa msiba. Kisidai nguvu nyingi. Na kiwe na nafasi ya kutosha ya kukikaribia na kukitumia.

Mtu wa pwani akizisikia kanuni hizi hatazishangaa sana, maana wazee walikwisha sema: hujafa hujaumbika. Methali hii hufundishwa watoto ili wasimcheke mlemavu, lakini maana yake ni pana kuliko hiyo. Yasema kwamba umbo la mwanadamu halijakamilika maadamu yu hai. Leo anakimbia, kesho anachechemea; leo anasoma herufi ndogo, kesho anapapasa ukuta. Kwa hiyo ajengaye kwa ajili ya mlemavu hamjengei mgeni. Anajijengea mwenyewe siku zake zilizo mbele. Methali imefundisha moyo, nazo kanuni saba zafundisha mkono. Kazi yetu ni kutazama kama mkono wa wajenzi wa Ndia Kuu ulifuata moyo huo.

Kwanza tutaje wema, kwa kuwa mhakiki asiyeona wema hana haki ya kutaja ila. Chombo kizuri kuliko vyote katika mtaa wa Waswahili ni baraza, ile benchi ya mawe na chokaa iliyoshikamana na ukuta wa nyumba kando ya mlango. Mwenye nyumba huijenga kwa heshima yake, lakini faida yake ni ya mpitanjia. Mzee aliyechoka huketi, mjamzito hupumzika, mtu mwenye magongo huyaegemeza akavuta pumzi. Hakuna aulizwaye cheti cha ugonjwa kabla ya kukaa, wala hakuna bao lisemalo kwamba hapa ni mahali pa walemavu. Kijana mzima na mkongwe hukaa bega kwa bega, wakazungumza. Hii ndiyo kanuni ya kwanza katika ukamilifu wake, tena ilitekelezwa na waashi ambao hawakuwahi kuisoma popote.

Wema wa pili ni kivuli. Nyumba zimekaribiana na roshani zimetokeza juu ya njia, basi jua la Mombasa halimchomi mpitaji mchana kutwa. Atembeaye polepole ndiye apatwaye na jua zaidi, kwa kuwa hukaa ndani yake muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kivuli, ambacho kwa mwenye mbio ni starehe, kwake ni haja. Wema wa tatu ni sauti. Mtaa mwembamba husema. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake, adhana hutoka misikitini, na mwangwi wa kuta humjulisha asiyeona mahali njia inapopanuka na mahali inapojifunga. Bahati mbaya, sauti hizi ni dhaifu mbele ya ngurumo za pikipiki na tuktuk, na mtaa uliokuwa ukimwongoza asiyeona sasa humbabaisha.

Sasa tuingie katika ila. Ya kwanza ni kizingiti. Milango ya nakshi husifiwa na kila mgeni, lakini wachache huinamisha macho wakatazama gogo la chini ambalo ni sharti mguu uinuliwe kulivuka. Kizingiti hakikuwekwa kwa uovu. Huunganisha miimo ya mlango na huzuia maji ya mvua yasiingie ndani. Hata hivyo, kwa mwenye kiti cha magurudumu ni ukuta, na kwa asiyeona ni mtego. Kanuni ya tano yataka kosa dogo lisamehewe, kizingiti hakisamehi. Hapa lakini mlango wenyewe watufundisha jambo. Una mbao mbili, na kwa kawaida hufunguliwa mmoja tu, nafasi ikawa nyembamba. Ufunguliwapo wa pili, nafasi huongezeka. Fundi wa kale alikwisha acha uwezekano wa kupita kwa namna mbili. Ni mazoea yetu yaliyofunga nusu ya ukarimu wake.

Ila ya pili ni ngazi. Sakafu za nyumba za kale zilibebwa na boriti za mikoko, nazo boriti haziwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa zikiwa ndefu mno. Kwa hiyo vyumba vilikuwa na upana wa kama mita 3 au pungufu. Katika nyumba nyembamba, ngazi nayo hubanwa, ikapanda wima kama ya merikebu. Kijana huiruka. Lakini fikiri juu ya bibi aliyeletwa katika nyumba hiyo akiwa bi harusi, akazaa na kulea humo, hata magoti yakamkatalia. Hushuka mara moja kwa juma, kisha mara moja kwa mwezi, kisha hashuki tena, ila aketi dirishani akiutazama mtaa ambao baraza zake zingemkaribisha kama angeweza kuzifikia. Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo. Mtu aliyeondolewa mtaani na ngazi yake mwenyewe amefungwa, ingawa hakuna hakimu aliyemhukumu.

Ila ya tatu ni njia yenyewe. Upana wake ulitosha wakati wapitaji walikuwa watu na punda. Siku hizi hugawanywa na magari, na bidhaa za maduka zikipangwa nje hula sehemu iliyobaki. Anayelijua tatizo hili vizuri kupita sote, baada ya mwenye kiti cha magurudumu, ni hamali mwenye mkokoteni. Wote wawili huogopa shimo, mfereji usiofunikwa na ukingo wa ghafula. Wote wawili hupenda mteremko mpole. Ukimtengenezea mmoja, umewatengenezea wote, pamoja na mama asukumaye mtoto na mgeni avutaye sanduku lake. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika usanifu kwa wote: haki ya wachache hugeuka kuwa raha ya wengi.

Hapo mwanzo wa mtaa iko Fort Jesus, nayo yatupa funzo la ajabu. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno tangu mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Katika zama zile mabingwa wa Ulaya waliamini kwamba uzuri wa vipimo hupatikana katika mwili wa mwanadamu, na ngome ikitazamwa kutoka juu yafanana na mtu aliyelala chali. Lakini mtu huyo ni mtu gani? Ni mtu mmoja, mwenye viungo vyote, asiyezeeka. Hakuna aliyezaliwa naye. Tena ngome yaweza kusamehewa ugumu wake, kwani ilijengwa ili watu wasiingie. Ilitumiwa kama gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, ikiwa bado ni nyumba ya kuzuia watu. Sasa ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Yaani jengo la kufukuza limekabidhiwa kazi ya kukaribisha. Urithi wa dunia usiofikiwa na wote bado una tabia ya ngome.

Yuko atakayepinga, na pingamizi lake si la kudharauliwa. Atasema kwamba Mji wa Kale umewekwa chini ya hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwamba ukianza kukata kizingiti kimoja leo, kesho utakata nakshi, na keshokutwa hutakuwa na mji. Hofu hii ni ya haki. Lakini tutenganishe kukata na kuongeza. Ubao wa mteremko huwekwa juu ya kizingiti na kuondolewa pasipo kugusa mti wa kale. Kishikio cha mkono kando ya ngazi hakiharibu ukuta. Mfereji hufunikwa, bidhaa husogezwa, magari hupunguzwa, na hakuna jiwe la kale linalodhurika. Isitoshe, mtaa huu haukupata kusimama tuli: roshani nyingi zilitokana na mikono na mitindo iliyovuka bahari kutoka Bara Hindi, kisha yakaja mabomba ya maji na nyaya za umeme. Tulioukubali umeme kwa ajili ya taa, twawezaje kuukataa ubao kwa ajili ya mtu?

Zaidi ya hayo, jambo hili si hisani. Kenya ilithibitisha mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata njia ya kufaa ya kufika mahali, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Neno heshima ndilo la kuzingatiwa. Watu wa mtaani ni wema, na mlemavu akifika mlangoni wapo watakaombeba. Lakini kubebwa si kuingia. Abebwaye huingia kwa saa ya wabebaji, na hutoka kwa saa yao.

Hukumu yangu basi ni hii. Ndia Kuu ni utungo mzuri wenye beti zilizokosa vina. Baraza, kivuli na sauti zake ni mashauri ambayo miji mipya, yenye barabara pana na isiyo na mahali pa kuketi, ingefaa kuyaiga. Vizingiti, ngazi na msongamano wake ni mahali ambapo mtunzi alimsahau msomaji. Nanyi vijana, ambao wengine wenu mtakuwa waashi, wasanifu na madiwani, jizoezeni kusoma majengo kama msomavyo vitabu. Anzeni na shule yenu: hesabuni vidato, pimeni milango, tazameni ni nani asiyeweza kufika maktabani. Mtakapokabidhiwa kipimo, msiulize urefu wa mtu mzima peke yake. Kumbukeni kwamba hujafa hujaumbika, na njia mtakayoijenga mtaipita ninyi wenyewe mkiwa na miguu mingine.