Mkoba wa Ngozi: Tazama Nyuma ya Mshono

Julai 2025, kwenye mnada wa Sotheby's jijini Paris, mkoba mmoja mweusi wa ngozi uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 8. Haukuwa mpya. Ulikuwa na mikwaruzo, alama za stika zilizobanduliwa, na kikata kucha kikining'inia ndani yake. Huo ndio Birkin wa kwanza, ambao kampuni ya Hermès ilimtengenezea mwimbaji na mwigizaji Jane Birkin, naye akautumia kwa karibu miaka 10. Bei ilipandishwa na jina. Uimara wa mkoba ulitokana na ngozi, uzi, nta na mkono wa fundi, vitu ambavyo hata anayeshonea mezani nyumbani kwake anaweza kuvipata.

Anayetaka kupima mkoba wa nyumbani ulioshonwa kwa kufuata mtindo wa wabunifu wakubwa aanze na ngozi. Aibonyeze kwa dole gumba: ngozi halisi hujikunja kwa mistari midogo isiyofanana. Kisha atazame pale ilipokatwa. Zikionekana nyuzinyuzi tupu, ni ngozi. Kikionekana kitambaa chini ya utando wa plastiki, hiyo ni reksini. Kwa mkoba unaotakiwa kusimama wenyewe, ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti haina mpinzani: ni kakamavu, hukolea rangi kadiri inavyopigwa na jua na kushikwashikwa, na kingo zake hukubali kung'arishwa. Miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi, hustawishwa hata Njombe, Tanzania. Ngozi iliyosindikwa kwa kromu ni laini zaidi, ila kingo zake kwa kawaida huhitaji kupakwa rangi.

Baada ya ngozi, mshono, na hapa ndipo ufundi unapojulikana.

Thierry Hermès alipofungua karakana yake Paris mwaka 1837 alikuwa akitengeneza hatamu na vifaa vya farasi, si mikoba. Mshono wa watengeneza matandiko ndio ulioingia kwenye mikoba: uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili, kila tundu likipitiwa kutoka pande zote mbili. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mshono huanza kufumuka. Wa mkono ukikatika mahali pamoja, uzi wa upande wa pili bado unashikilia.

Kwa hiyo geuza mkoba utazame nyuma. Mishono mizuri huwa 7 hadi 9 kwa inchi, imelala kidogo upande mmoja, na inalingana. Ikibadili mwelekeo ghafla, fundi alichanganya mpangilio wa sindano, au msharasi wake uliingia kombo. Mwishoni uzi unapaswa kurudishwa mishono miwili au mitatu, usiachwe na fundo linaloning'inia.

Pitisha ukucha ukingoni. Tabaka mbili zilizogundishwa, zikapigwa msasa, zikalowanishwa na kusuguliwa kwa nta, huwa kama kipande kimoja. Ukucha ukinasa, kazi iliharakishwa.

Mshikio ndio unaobeba mzigo wote. Kagua kama ngozi imeongezwa kwa ndani pale uliposhonewa, kisha tia mkobani vitabu vya kilo 3, uutundike mkoba usiku kucha. Asubuhi matundu yakiwa yamevutika, mkoba huo haufai sokoni.

Kuhusu kuiga: umbo na uwiano vinaweza kumpa fundi mawazo, lakini nembo ya kampuni nyingine ikibandikwa, mkoba huo ni bandia hata ukishonwa kwa ustadi. Na mkoba unaweza kutambulika bila nembo: kampuni ya Bottega Veneta, iliyoanzishwa Vicenza, Italia, mwaka 1966, ilijulikana kwa vipande vya ngozi vilivyosukwa kama ukili, bila jina lolote kwa nje.

Basi msomaji, ukiletewa mkoba, ufungue, uupindue, ushike kingo zake na uhesabu mishono kabla ya kuuliza bei.