Uhura na kile kitabu cha mbwa na mpira



Kuna sehemu moja ya tamthilia ya Star Trek ambayo nimeitazama si chini ya mara kumi, na kila nikiimaliza nabaki na mawili moyoni: nataka kupiga makofi, na nataka kuzima runinga. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana naona jambo lenyewe linatuhusu sisi tuliotawanyika ughaibuni kuliko linavyowahusu mashabiki wa kawaida wa vyombo vya angani. Najua baadhi yenu mtasema, ah, daktari mzima wa isimu na michezo ya watoto! Sawa. Lakini someni kwanza, kisha mnicheke.

Sehemu hiyo inaitwa The Changeling. Ilionyeshwa Marekani mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967, katika msimu wa pili. Aliyeiandika ni John Meredyth Lucas, na mwongozaji ni Marc Daniels. Kisa kwa kifupi ni hiki. Kuna mashine iitwayo Nomad, chombo cha uchunguzi kilichorushwa kutoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000 (ndivyo walivyotuwazia wakati ule). Huko angani imepata ajali, ikaungana na chombo cha viumbe wengine, amri za huku na za kule zikachanganyika, na sasa inaangamiza kila inachokiona kina kasoro. Inaingizwa ndani ya merikebu ya Nahodha Kirk, na kwa kuwa aliyeiunda aliitwa Roykirk, inamdhania Kirk ndiye muumba wake. Basi, Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, yuko kazini anaimba. Mashine inausikia wimbo, haielewi wimbo ni kitu gani wala una faida gani, inamwendea, inamchungulia akili, na inafuta kila kilichomo. Bwana Scott anayejaribu kumwokoa anauawa palepale. Baadaye mashine inamfufua Scott. Uhura haiwezi kumrudishia kumbukumbu zake. Daktari McCoy anasema ubongo haujaharibika, kwa hiyo atafundishwa upya.

Sasa njooni kwenye dakika ninayoizungumzia. Uhura yuko kitandani kwenye chumba cha wagonjwa, nesi Chapel yuko pembeni, na mbele yao kuna kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza. Mtu mzima huyu, ofisa wa jeshi, anasoma sentensi za mbwa na mpira, polepole, kidole kwa kidole kama tunavyosema. Anafika kwenye neno la rangi ya buluu, analitamka jinsi lilivyoandikwa, nesi anamsahihisha. Hapo anakereka (na nani hajawahi kukerwa na tahajia ya Kiingereza?) na kinachomtoka ni Kiswahili. Nesi, kwa upole kabisa, anamwambia hapana, kwa Kiingereza.

Basi, ni hayo tu. Chini ya dakika moja.

Mara ya kwanza niliiona dakika hiyo mwaka 1997, usiku, kwenye nyumba ya kupanga hapa Sydney, kanda ya video ya mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye. Nilikuwa nimefika mwaka mmoja nyuma kwa ajili ya shahada ya uzamivu, na kwa wiki nzima nilikuwa sijasikia Kiswahili isipokuwa changu mwenyewe bafuni. Jamani, niliruka! Nikairudisha kanda nyuma mara tatu. Mwenzangu, kijana wa Queensland, alidhani nimepatwa na kitu. Nikamwambia, hicho ni Kiswahili, hiyo ni lugha yangu, iko huko angani, miaka mia tatu ijayo! Kile Kiswahili, kwa haki, si cha Mrima wala cha bara. Ni cha mwigizaji aliyefundishwa maneno kwa ajili ya picha, na mizani inayumba. Lakini mtu mwenye kiu haulizi maji ni ya kisima gani.

Hata jina lenyewe lina mawili. Marehemu Nichelle Nichols, aliyefariki tarehe 30 Julai 2022, alieleza mara nyingi kwamba alipokwenda kwenye usaili alikuwa na riwaya ya Mmarekani Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya mwaka 1962, na humo ndimo jina lilimotoka, kisha likalainishwa mwisho likawa Uhura. Riwaya yenyewe inaitazama Kenya kwa jicho la mzungu mwindaji, na kwa sikio letu Uhura ni kama neno lililokosewa na mpiga chapa. Na bado, mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya Kenya kupata bendera yake, mwanamke mweusi anakaa kwenye sitaha ya juu ya merikebu ya angani akiwa na jina hilo. Mie nalipokea na kosa lake.

Sasa niende kwenye sababu ya kutaka kuzima runinga. Swali la kwanza ambalo mwanaisimu yeyote ataliuliza ni hili: ikiwa kumbukumbu zote zimefutwa, Kiswahili kimetoka wapi?

Kuna majibu mawili. La kwanza ni zuri. Tangu karne ya 19 wataalamu wamejiuliza mtu wa lugha nyingi akipata kiharusi au akiumia kichwa, ni lugha ipi inayobaki au kurudi kwanza. Mfaransa Théodule Ribot, mwaka 1881, alisema kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu, kwa hiyo lugha ya utotoni ndiyo ya mwisho kufa. Mwenzake Albert Pitres, mwaka 1895, akasema hapana, inayorudi kwanza ni ile mgonjwa aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya kuugua. Leo tunajua hakuna kanuni moja inayowafaa wagonjwa wote. Lakini ukimfuata Ribot, tukio lile ni sifa kubwa sana. Mashine iliyoua mabilioni ya viumbe imepita kichwani mwa mama huyu, imefuta cheo, kazi, nyimbo na Kiingereza chote, ikafika kwenye Kiswahili ikashindwa. Kama mtunzi alikusudia hivyo, basi nampa mkono.

Jibu la pili ndilo linaloniuma. Inawezekana kabisa kwamba mtunzi hakukihesabu Kiswahili kuwa ni elimu. Elimu ni kile kilichofutwa na kinachorudishwa kwa kitabu: Kiingereza. Kiswahili ni kile kinachobaki mtu akiondolewa elimu, kama kilio au kikohozi, kitu kinachomtoka mtu akikasirika. Ofisa mwenye ujuzi ni Kiingereza. Mtoto mchanga aliyekereka ni Kiswahili. Na dawa ya hali hiyo ni nesi mpole mwenye kitabu. Mwisho wa sehemu tunaambiwa Uhura amekwishafika kiwango cha chuo na wiki haitaisha atakuwa kazini. Wote wanafurahi. Hakuna anayeuliza kama nyimbo zake zimerudi.

Na kumbukeni ni mwaka gani. Ni 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Ni mwaka uleule Bunge la Tanzania lilipotunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na serikali ikaagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Kwetu watu wanakaa vikao kutafuta maneno ya sheria, uhasibu na fizikia, na wakati huohuo huko California kuna nesi anasema hapana, kwa Kiingereza. Simlaumu Lucas kwa kutojua. Nasema tu kwamba hizo saa mbili zilikuwa zinakwenda pamoja, na sisi tulizaliwa katikati yake.

Tena kuna Bi Nichols mwenyewe. Amesimulia jinsi baada ya msimu wa kwanza alivyotaka kuacha, na Dk. Martin Luther King akamsihi abaki kwa sababu watu weusi walikuwa wanajiona ndani yake. Akabaki. Na katika msimu uliofuata moja ya mambo aliyopewa ni kuigiza mtu mzima anayesoma habari za mbwa. Aliigiza vizuri, ukimtazama machoni utaona hasira ya mtu mwenye akili zake. Huenda ndiyo sababu dakika ile inaishi mpaka leo.

Mie dakika ile naijua kwa mwili. Katika shule ya sekondari niliyosoma Tanzania miaka ya 1980 kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unasema Kiswahili unavishwa shingoni, na huvuliwi mpaka umkamate mwenzako. Wengi wenu wa Kenya mlikuwa na chenu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaandika hayo mwaka 1986, sina la kuongeza. Ila yule nesi ni tofauti na kibao, na tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua. Kibao ukikichukia unajua unachukia nini. Nesi huwezi kumchukia, kwa sababu anakutakia mema.

Najua kwa sababu mimi nimekuwa nesi Chapel.

Binti yangu alipokuwa na miaka minne, mwaka 2003, mwalimu mmoja wa chekechea alituita, akatuambia kwa huruma kabisa kwamba mtoto anachanganya lugha, ingekuwa bora nyumbani tuzungumze Kiingereza kwa muda. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika isimu, ninayejua kwamba mtoto kuchanganya lugha mbili si ugonjwa, nilitikisa kichwa nikasema asante. Kwa karibu mwaka mzima mtoto alipokuja na Kiswahili chake nilimwambia, taratibu, "kwa Kiingereza, mama." Nilikuwa na sababu zangu: kazi ya mkataba, mke wangu mjamzito, na hofu ya mgeni asiyetaka mtoto wake aonekane mzito. Baadaye tuliacha, tukarudi kwenye Kiswahili, lakini yeye tayari alikuwa amezoea kujibu kwa Kiingereza, na mpaka leo ndivyo anavyojibu. Miaka michache iliyopita tuliitazama The Changeling pamoja. Alipofika hapo pa nesi akasema, bila hasira, "Baba, hivyo ndivyo ulivyokuwa unaniambia." Alisema kwa Kiingereza. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai.

Kwa hiyo ukaguzi wangu wa sehemu hii hauwezi kuwa wa haki, na ndiyo maana nasema mapema. Lakini baada ya kuitazama tena na tena, kosa lake kubwa naliona mahali pengine kabisa. Hakuna mtu ndani ya merikebu ile anayemjibu. Wafanyakazi mamia, kompyuta inayojua kila kitu, na vyombo vya kutafsiria lugha za viumbe wasio na umbo, na hakuna hata mmoja anayesema, "Pole, Uhura, unasemaje?" Neno moja la Kiswahili kutoka kwa Chapel, hata la kukosea, lingebadilisha maana ya tukio zima. Kiswahili kingeacha kuwa kelele ya mgonjwa, kikawa mazungumzo.

Wala halikuwa jambo la kuwazika angani tu. Hapa Sydney, chini ya daraja la bandari, pana Dawes Point. Pameitwa hivyo kwa luteni mmoja wa Kiingereza, William Dawes, aliyefika mwaka 1788 akajenga hapo kituo cha kutazama nyota. Yeye na wenzake walikuwa wavamizi, tusipambe. Lakini Dawes alikaa na wenyeji, hasa na msichana aitwaye Patyegarang, akafundishwa lugha yao, akaandika maneno na mazungumzo mazima. Daftari zake ziko SOAS, London, ambako wengi wetu tumepitia, na leo ni chanzo kikuu kwa wanaojaribu kuirudisha lugha hiyo midomoni mwa watu. Luteni na nyota zake, na aliyeshika kitabu ndiye aliyekuwa anafundishwa.

Naona hata wenye Star Trek wamejirudi kidogo. Katika Strange New Worlds, sehemu ya Children of the Comet ya mwezi Mei 2022, Uhura kijana, aliyeigizwa na Celia Rose Gooding, ni Mkenya anayejua lugha 37, na safari hii ni kuimba kwake kunakofungua mlango uliowashinda wote. Wimbo uliomponza mwaka 1967 ndio unaowaokoa. Nimeipenda. Lakini haifuti ile ya zamani, na nisingependa ifutwe. The Changeling ilinipa Kiswahili angani nilipokuwa mpweke, kisha ikanionyesha sura yangu. Itazameni, hasa mkiwa na watoto, na mkifika pale pa nesi msipeleke mbele haraka.

Binti yangu anatarajia mtoto mwezi wa Julai. Ameniuliza babu atazungumza naye lugha gani. Nimemjibu kwa Kiswahili, na safari hii sikutafsiri.

Nawasilisha.