Chungu cha Laana si Uchawi

Katika maandishi juu ya Wachagga, neno "uchawi" limebebeshwa mzigo usio wake. Tangu Misheni ya Leipzig ilipofika Machame mwaka 1893, waandishi kadhaa wa kigeni wametia katika kapu moja mambo ambayo wenyeji waliyatenganisha.

Bruno Gutmann aliona mbali zaidi. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka 1926, kinaonyesha kuwa kiapo na laana vilikuwa na nafasi katika kuamua mashauri. Tuchukue mfano wa chungu cha laana. Aliyeibiwa alitangaza kwanza nia yake, ili mwizi apate nafasi ya kukiri na kurudisha mali. Mchawi hatangazi, inaaminika kwamba hutenda kwa siri, akisukumwa na husuda. Hata hivyo, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilihesabu kuwa uchawi hata dai la kuwa na nguvu au elimu ya siri.

Lakini tusiipambe mila. Ugonjwa au kifo kilichofuata laana kilichukuliwa kuwa ushahidi wa hatia, ilhali maradhi hayachagui mwizi. Na hadi miaka ya karibuni vikongwe wameuawa nchini kwa tuhuma za uchawi zisizo na ushahidi wowote.

Basi mwalimu asiishie kuuliza darasani kama uchawi upo. Aulize pia: nani ameshtaki, mbele ya nani, na mshtakiwa amepewa nafasi gani ya kujitetea? Hapo ndipo utamaduni hupimwa.