Jinshanling: Ukuta Mkuu kwa Miguu Yako, Bila Kundi wala Kibendera

Jamani, wacheni mlichonacho mkononi! Nimetoka kutembea juu ya Ukuta Mkuu wa China, pale Jinshanling, na hukumu naitoa kabla damu haijapoa: sijawahi kufanya matembezi ya siku moja yanayomlipa mtembeaji namna hii. Milima inafuatana hadi macho yachoke, na juu ya migongo yake ukuta unapanda, unashuka, unajikunja, unapotea, kisha unaibuka kwenye kilele ambacho hukudhani binadamu angeweza kufikisha hata tofali moja. Na yote haya bila kundi, bila kiongozi wa kibendera, bila mtu wa kukuhimiza kwamba basi linaondoka.

Wengi wetu tukisema China tunamaanisha Guangzhou: mzigo, wakala, kontena, kisha uwanja wa ndege. Kaskazini hatufiki. Nani atupeleke? Kumbe wa kutupeleka hahitajiki! Tangu Desemba 2012 reli ya mwendokasi inaunganisha Guangzhou na Beijing, kilomita 2,298, na treni za haraka zaidi hukufikisha kwa takriban saa nane. Unakaa dirishani, unatazama mashamba ya mpunga ya kusini yakipisha ngano na mahindi ya kaskazini. Ukishuka Beijing uko katika nchi nyingine kabisa: hewa kavu, milima ya mawe, na katika majira ya vuli anga la buluu lisilo na doa.

Kwa nini Jinshanling

Ukuta Mkuu si kitu kimoja. Vipimo vilivyotangazwa na serikali ya China mwaka 2012, vikijumlisha kuta za nasaba zote, vilifikia kilomita zaidi ya 21,000. Kwa hiyo swali la kwanza la msafiri ni: niende kipande kipi?

Badaling ndicho maarufu kuliko vyote, na kukifikia ni rahisi mno. Treni ya mwendokasi inakushusha kwenye stesheni iliyochimbwa zaidi ya mita 100 chini ya ardhi, maajabu kwa haki yake. Lakini ukipanda juu unakuta ukuta uliokarabatiwa ukawa kama wa jana, na siku ya sikukuu unatembea kwa kasi ya mgongo wa mtu aliye mbele yako. Mutianyu ni pazuri zaidi, misitu imepazunguka, na watoto watafurahi kuteremka mlima kwa vigari vya kuserereka. Mwenye familia aende huko kwa amani.

Mwenye miguu aende Jinshanling. Pako katika kaunti ya Luanping, mkoa wa Hebei, yapata kilomita 130 kaskazini-mashariki mwa katikati ya Beijing. Kipande chenyewe ni kilomita 10 na nusu hivi, na kina minara 67. Piga hesabu: karibu kila mita 160, mnara! Hupati nafasi ya kuchoka kwa kukinai. Ukitoka kwenye mmoja, unaofuata umeshakuita, na hakuna miwili inayofanana. Mmoja paa lake ni kuba, mwingine ni bapa. Huu una madirisha matatu upande mmoja, ule una matano.

Na uzuri wenyewe ni huu: magharibi ukuta umekarabatiwa, mashariki umeachwa kama ulivyo. Unaanza juu ya sakafu imara yenye kingo pande zote mbili. Kadiri unavyosonga, kingo zinapungua, matofali yanaanza kulegea, vichaka vinachungulia kwenye nyufa, na mwishoni unatembea juu ya uti wa mawe huku upepo unakusukuma mbavuni. Ndani ya saa chache umepita kwenye karne kadhaa. Nani atakuonyesha hilo kwa dakika arobaini za kundi?

Kinachofunuliwa na ngazi

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopagawa. Kwenye miteremko mikali utakuta vijikuta vifupi vinakatiza njia, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimetobolewa matundu ya kulengea. Mwanzoni vinakera, unavizunguka, unahema, unalalamika. Halafu unageuka nyuma na akili inafunguka! Adui akifanikiwa kuparamia ukuta bado hajaushika. Askari wanarudi nyuma ya kijikuta cha kwanza, wanapiga. Wanarudi nyuma ya cha pili, wanapiga. Hivyo hivyo hadi mlangoni mwa mnara. Ukuta unapigana hata ukiwa umeshapandwa. Hili picha haikwambii. Linakwambia goti lako, maana ngazi nyingine zinakufika gotini na nyingine hata kiganja hazifiki, na unapopanda hivyo ndipo unapoelewa mshambuliaji aliyebeba silaha alivyopata taabu.

Hofu iliyojenga yote haya ilikuwa na sura. Mwaka 1550 Altan Khan, kiongozi wa Wamongolia, alipenya hapo jirani, Gubeikou, na wapanda farasi wake wakafika viungani mwa Beijing. Watawala wa nasaba ya Ming hawakulisahau tusi hilo. Mwaka 1568 wakamleta kaskazini jenerali Qi Jiguang, aliyejipatia jina kwa kuwapiga maharamia katika pwani ya kusini-mashariki. Qi ndiye aliyesimamisha minara yenye vyumba ndani, ambamo askari walilala, wakahifadhi chakula na baruti, badala ya kusimama juani na kwenye theluji. Historia ya Ming inasimulia kwamba askari wake 3,000 kutoka Zhejiang walipowasili walipangwa nje ya mji, mvua kubwa ikanyesha, nao wakasimama wima tangu asubuhi hadi jua lilipoinama bila kutikisika. Askari wa mpakani waliokuwa wakitazama wakashikwa na bumbuwazi. Ingia kwenye mnara mmojawapo, kaa kwenye kivuli cha tao la matofali, utawaona!

Usipite haraka. Yapo matofali yenye mihuri inayotaja mwaka wa utawala wa mfalme Wanli na kikosi kilichoyatengeneza. Mengine yanataja kikosi cha Shandong na mwaka unaolingana na 1577. Ukiweka kidole unalisoma tofali kama risiti: nani kafanya, lini, na nani wa kulaumiwa likipasuka.

Halafu kuna mnara wenye qilin, mnyama wa heri wa Wachina, amechongwa kwenye ukuta mdogo wa matofali huko juu. Mtu wa pwani yetu asimpite bila kusalimia. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa nasaba hiyo hiyo ya Ming, na watu wa kasri wakamwona kuwa ndiye qilin mwenyewe, ishara kwamba mbingu zimeridhika na mtawala. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Kumbe tulishafika huku zamani!

Mashariki kabisa utaiona minara ya Simatai, kipande kinachofuata cha ukuta, iking'ang'ania ukingo wa jabali. Utatamani kuendelea. Haiwezekani, Simatai ina lango lake na tiketi yake, na njia ya kupita moja kwa moja imefungwa. Unateremka bondeni, miguu inatetemeka, uso unawaka. Kwa mwenye pumzi zaidi kuna kuanzia Gubeikou, upande wa magharibi, ambako ukuta haujaguswa na fundi wa leo, na ambako mnamo Machi 1933 majeshi ya China na Japani yalipigana vikali. Ila huko kuna eneo la jeshi ambalo njia hulikwepa kwa kushuka bondeni. Ukikuta kibao cha kukataza, tii, usibishane nacho.

Kwenda mwenyewe: rahisi kuliko unavyoogopa

Pasipoti za kwetu zinahitaji viza, kwa hiyo anza na ubalozi. Ukishaipata, pasipoti ndiyo kila kitu: treni unakata kwa jina na namba yake kupitia programu ya shirika la reli, 12306, yenye ukurasa wa Kiingereza, na stesheni unapita kwa kuionyesha hiyo hiyo. Tiketi ya karatasi haina kazi tena.

Pesa? Sakinisha Alipay au WeChat kabla hujaondoka nyumbani, unganisha kadi yako ya benki ya kimataifa, ujaribu. Kuanzia muuza maji mlimani hadi dereva wa teksi, kila mtu ana msimbo wa QR wa kuskani. Sisi tuliolelewa na M-Pesa tutazoea kabla chai haijapoa. Weka na noti kidogo kwa dharura. Ramani za Google zitakupoteza, kama zitafunguka. Tumia za Gaode. Programu ya kutafsiri inayosoma maandishi kwa kamera itakuokoa mbele ya kila menyu. Na beba pawabenki, maana simu ikizima umezima nawe.

Kufika Jinshanling, katika msimu wa watalii kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Beijing. Uliza hotelini ratiba ya wiki hiyo, kwa sababu hubadilika. Ukilikosa, panda basi la haraka namba 980 kutoka Dongzhimen hadi Miyun, kisha tafuta gari la kukodi mpaka lango la ukuta. Kubaliana na dereva saa ya kukurudia kabla hujashuka. Wenye kuweza walale kijijini chini ya ukuta, wawe juu jua linapochomoza. Ila uliza mapema kama nyumba ya wageni inapokea wageni wa nje, maana lazima wakuandikishe polisi.

Tumbo nalo lina haki. Tambi za kaskazini ni nzito, za ngano, zinashibisha kweli. Muislamu asiwe na wasiwasi: Beijing ina Waislamu wa kabila la Hui wa tangu karne nyingi, msikiti wa Niujie ulianzishwa mwaka 996, na migahawa ya halali huandika hivyo mlangoni, mara nyingi kwa Kiarabu pia. Kijijini hali ni ngumu zaidi, kwa hiyo fungasha mkate, mayai na matunda. Stesheni na treni zina mabomba ya maji ya moto ya bure. Beba chupa ya chai na majani yako.

Lini? Vuli, baada ya wiki ya sikukuu ya taifa ya tarehe 1 hadi 7 Oktoba, ambayo ni wiki ya kukaa nyumbani kama unapenda nafasi. Aprili nayo, maua ya aprikoti yakichanua kwenye miteremko. Kiangazi kina joto na ngurumo, na juu ya ukuta ukisikia radi shuka. Baridi ya Januari hugandisha masikio, lakini theluji juu ya minara, wanasema waliobahatika, ni kitu cha kuuzia shamba.

Kasoro, kwa sababu lazima

Kivuli hakuna nje ya minara. Vyoo ni vya kuchuchumaa, jambo lisilotutisha, ila karatasi ni juu yako. Wauzaji wa vijijini hukufuata kwa mwendo mrefu, wakikusifia pumzi na kukuonyesha fulana. Kataa kwa tabasamu, au nunua maji, wamepanda na mzigo huo kwa miguu yao. Upande wa mashariki si wa kiatu cha sokoni, wala si wa mtoto mdogo. Na mguu wenye goti bovu upande kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, utembee kipande cha katikati, hautakuwa umepungukiwa.

Ukibaki na siku nyingine, usiipoteze madukani. Chengde, saa moja hivi kwa treni ya mwendokasi kutoka Beijing, kuna nguzo ya mwamba iitwayo Qingchui iliyosimama peke yake juu ya kilima, na kupanda na kushuka ni kazi ya siku tulivu. Au nenda Datong, takriban saa mbili, utoke hapo hadi mlima Hengshan wenye mita 2,016. Chini yake kuna hekalu la Xuankong, lililobandikwa kwenye jabali tangu karne ya 5.

Hukumu: tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya usafiri wa kurudi, ambao bado unamtaka msafiri awe macho. Kwa mwenye hofu kwamba China ya kaskazini haiendeki bila kundi, jibu ni hili: inaendeka, na kwa kundi utaikosa nusu yake. Kundi litakupiga picha ukutani. Miguu yako ndiyo itakayokueleza kwa nini ukuta ulijengwa hapo, juu vile, kwa ngazi zile. Viza kwanza, viatu pili, na tiketi ya Oktoba ikatwe mapema!