Neno GEREZA na Kanisa Lililo Chini ya Ngome ya Unguja

Mgeni azuruye Ngome Kongwe ya Unguja, iliyo mbele ya Forodhani na ubavuni mwa Beit al-Ajaib, huambiwa ya kwamba ilijengwa na Waarabu wa Oman, muda mfupi baada ya kuwatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwaka 1698. Huambiwa pia kwamba katika karne ya 19 ilikuwa gereza. Kisha huachwa apite kutazama maduka ya uani na viti vya mawe vya ukumbi wa michezo. Maelezo hayo si ya uwongo. Upungufu wake ni kwamba neno gereza hutajwa kama jina la kazi iliyofanywa na jengo, wala haulizwi lilitoka wapi. Na sehemu ya jibu la swali hilo imo chini ya miguu ya huyo anayeongozwa.

Kabla ya ngome, palikuwa na kanisa mahali hapo. Wareno walilijenga kati ya mwaka 1598 na mwaka 1612. Waomani walipozungusha kuta zao hawakuvunja yote yaliyokuwapo. Athari za majengo ya Wareno zaonekana hata leo upande wa ndani wa ukuta, uani. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba hapo, katika miaka ya 1980 na tena mwaka 2017, walipata habari za kanisa hilo, na pia za makazi ya Waswahili yaliyotangulia kuja kwa Wareno. Basi ngome imekalia kanisa, na kanisa limekalia mji.

Waliosoma habari za Roma watakumbuka kanisa la San Clemente. Jengo la juu ni la karne ya 12. Chini yake lipo kanisa la karne ya 4, ambalo padre Joseph Mullooly alianza kulifukua mwaka 1857. Na chini zaidi zipo nyumba za Warumi wa kale pamoja na hekalu la Mithras. Huko mgeni hushuka ngazi, akaona kila zama mahali pake. Unguja hakuna ngazi ya kushukia. Lililobaki wazi kwa kila mtu ni neno, na neno lataka kusomwa kwa uangalifu kama vile ukuta.

Kwa Kireno kanisa huitwa igreja, na wachunguzi wengi wamekubali kwamba hiyo ndiyo asili ya gereza. Kwa upande wa sauti hakuna la kushangaza. Irabu ya mwanzo imeanguka, kama ilivyoanguka katika ananás lililozaa nanasi. Konsonanti mbili zilizofuatana zimetiwa irabu kati yake, kama fronha lilivyokuwa foronya. Sauti ya j ya Kireno, ambayo Kiswahili hakikuwa nayo, imepewa jirani yake z. Kwa hiyo mtunga kamusi huandika "Kireno" kando ya neno, akaendelea na neno lifuatalo.

Hapo ndipo penye kasoro. Kuandika "Kireno" tu ni kusema neno lilianzia wapi bila kusema lilipita njia gani. Na njia hiyo yaweza kuwa ndefu kuliko inavyodhaniwa. Katika mji wa Maskati ipo nyumba ya kale iitwayo Bait Graiza, na jina lake nalo hurudishwa kwenye igreja ileile. Wareno waliutawala mji huo kuanzia mwaka 1507 hata walipotolewa na Waomani mwaka 1650, nusu karne kabla ya ngome ya Unguja kujengwa. Tazama sasa namna ya neno lenyewe: katika Graiza irabu ya mwanzo imekwisha kuanguka, na z imekwisha kushika mahali pa j. Mabadiliko mawili kati ya yale matatu yaliyohesabiwa kuwa kazi ya ndimi za Waswahili yaonekana pia ng'ambo ya bahari, kwa watu walewale waliokuja kujenga ngome juu ya kanisa.

Haifuati kwamba Waswahili walilipokea neno kwa Waarabu na si kwa Wareno. Huenda pwani zote mbili zililichukua kila moja kwa wakati wake, maana Wareno walikuwako huku na huko. Lakini ushahidi wa sauti, uliotegemewa kuthibitisha kwamba neno lilitoka kwa Wareno moja kwa moja, hauthibitishi hivyo tena. Mwenye kutunga kamusi ya asili za maneno hana budi kuutaja Maskati, japo kwa mstari mmoja.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika maana. Yawaje nyumba ya ibada ikawa nyumba ya kufungia watu? Yuko awezaye kusema kwamba Waislamu wa pwani waliona kanisa na kifungo kuwa kitu kimoja. Huo ni mzaha, si uchunguzi. Kiungo kilichopotea ni maana ya kati, yaani ngome. Kamusi za zamani ziliiweka maana hiyo pamoja na ile ya kifungo. Za siku hizi mara nyingi hutoa ya pili peke yake, na mwanafunzi akapokea mnyororo uliokatika katikati.

Kilwa Kisiwani yasaidia sana katika jambo hili. Ngome iliyoko pale ufukweni, iliyojengwa na Waomani yapata mwaka 1800 mahali palipokuwa na ngome ya Wareno ya mwaka 1505, huitwa Gereza mpaka leo. Msingi wake ni wa ngome, si wa kanisa. Basi yaelekea kwamba jina lilipopewa jengo hilo lilikuwa limekwisha kuacha maana ya kanisa. Mombasa nayo yaonyesha jinsi maana mbili za kwanza zilivyoweza kukutana: katika ngome iliyoanzwa mwaka 1593 kanisa lilikuwa ndani ya kuta zilezile za askari. Mtu wa mjini aliyesikia Wareno wakilitaja kanisa lao, huku akiona kuta na mizinga, hakuwa na sababu ya kutenga kimoja na kingine. Kutoka ngome hadi kifungo ni hatua fupi. Ngome hiyohiyo ya Mombasa ilifungiwa watu tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958.

Kwa ibada ya Kikristo, Kiswahili kilitumia neno jingine, kanisa, la Kiarabu. Askofu Edward Steere alipojenga kanisa kubwa la Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wala hapakuwa mbali na Ngome Kongwe, igreja ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine kabisa katika vinywa vya watu.

Kutoka pwani neno liliendelea kwenda bara pamoja na serikali, likiwa na maana ya mwisho tu. Chitete, katika wilaya ya Momba, mamia ya kilomita kutoka baharini, mtu atajaye gereza hana ngome ya mawe akilini, sembuse kanisa. Na kwa kusema kwake hilo si kosa. Lakini anayepokea wageni katika ua wa Unguja, na anayetunga kamusi itakayosomwa Unguja na Chitete pia, kazi zao haziruhusu kuishia hapo. Lugha ya serikali nayo imezidi kuusogeza mbali ushahidi: Tanzania Bara inalo Jeshi la Magereza, lakini Zanzibar, ambako neno lilikalia mawe yake yenyewe, idara iwalindayo wafungwa yaitwa Chuo cha Mafunzo.