Kuunga Vivuli

Kisiwa cha Mombasa hakina bustani moja kubwa ya kuingia asubuhi na kutoka jioni. Kina vipande. Kuna majani na miti karibu na Ngome ya Yesu, kuna bustani ya Treasury Square, kuna Uhuru Gardens pale penye pembe za ndovu, kuna uwanja wa Makadara, kisha kuna ukanda mrefu wa mibuyu ukingoni mwa bahari kule Mama Ngina. Baina ya kimoja na kingine ni lami, matuktuk na jua. Kwenye ramani ni madoa ya kijani yasiyojuana. Anayeyajuanisha ni mtu na miguu yake, ajuaye ashike kichochoro gani, avuke wapi, apumzike kwenye baraza ya nani, ili kivuli kimkabidhi kwa kivuli kingine mpaka azunguke kisiwa. Huo ni ufundi. Una mafundi wake, wengi wao watu wazima wa Mji wa Kale, wake kwa waume, na kidogo nikijuacho nimekipata kwa kuwafuata nyuma.

Mafunzo huanzia Kibokoni. Mtaa huu hauna msitu, wala miti yake si mingi: mwarobaini hapa, mkungu pale, kopo la asumini juu ya roshani. Lakini kivuli chake ni kizuri kuliko cha bustani nyingi nilizopata kukaa. Waliojenga walijua walifanyalo. Nyumba zimepanda juu na kukaribiana, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuhifadhi ubaridi wa usiku mpaka mchana. Vichochoro ni vyembamba, jua hupata nafasi ya kufika chini kwa muda mfupi tu, na roshani zilizotokeza hulizuia hata hapo. Upepo wa bahari ukiingia kwa upande wa Bandari ya Kale hubanwa na kuta, ukaongeza mwendo, ukakupiga usoni kwenye kona ambayo hukuutazamia.

Mwenye kuujua mtaa huu hatembei katikati ya njia. Asubuhi huambaa na ukuta wa mashariki, baada ya Alasiri huhamia ukuta wa magharibi. Kwenye njia zinazoelekea baharini moja kwa moja hesabu ni nyingine, nayo huenda kwa mwaka badala ya siku: mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu, mwezi wa Desemba limehamia kusini, kwa hiyo ukuta uliokuwa rafiki miezi sita iliyopita leo unakuchoma. Hayo hayafundishwi popote. Utamwona bibi mwenye buibui na kikapu cha soko akivuka njia ghafla, bila sababu unayoiona, na ukimfuata utagundua kuwa amevuka kwa ajili ya kipande cha kivuli kisichozidi upana wa mkeka.

Halafu kuna salamu. Kibokoni hupiti mbele ya baraza kimya, na mtembezi asiyesalimu hajifunzi kitu, kwa sababu habari zote za njia zinakaa barazani. Wazee wameketi na vikombe vyao vya kahawa chungu, mmoja ameshika tasbihi, mwingine ana makubadhi yake pembeni.

"Asalaam aleikum, wazee."

"Wa aleikum salaam. Wenda wapi, mwanangu?"

"Natembea tu, mzee."

"Basi pitia huku. Kule kwachimbuliwa, kuna matope."

Kwa maneno hayo machache umejua kile ambacho kingekukosesha safari. Na ukikubali kuketi, utaambiwa zaidi: mkwaju uliokuwa nyuma ya nyumba fulani, kisima kilichofukiwa, njia ya mkato kutokea Kuze ambayo siku hizi imezibwa. Baraza yenyewe ni sehemu ya njia. Miji mingine huweka viti katika bustani ili watu wapumzike. Hapa kila nyumba ya kale ilijengwa na kiti chake nje, kimeungana na ukuta, kwa ajili ya mwenye nyumba na apitaye. Nadhani hakuna ukarimu wa mawe ulio mkubwa kuliko huo.

Sifa ya watu wa hapa kutembea ni ya zamani. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, hakukaa sana, lakini aliona jambo ambalo msafiri mwingine angelipita. Aliandika kwamba watu walitembea bila viatu, na kwamba mlangoni mwa misikiti palikuwa na maji ya kuchota na kuoshea miguu kabla ya kuingia, na mkeka wa kuifutia. Fikiria mji mzima uliojipanga kwa ajili ya miguu iliyotoka njiani. Aliitaja pia miti: migomba, malimau, na tunda fulani lifananalo na zeituni lakini tamu sana, ambalo kwa maelezo yake ni zambarau. Karibu miaka 700 baadaye zambarau bado zinauzwa mjini msimu wake ukifika, na vidole vya watoto vinageuka rangi vilevile.

Ukitoka Kibokoni kwenda Ngomeni kivuli kinakatika kwa mara ya kwanza. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, ikawa jela kwa miaka mingi, ikafanywa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Haya kila mgeni huambiwa. Mtembezi anaitaka kwa jambo jingine. Kuta zake ndefu hutupa kivuli kipana upande wa bahari baada ya Alasiri, na hapo mtu hukaa na kutazama maji yanavyoingia na kutoka katika mlango wa bandari.

Treasury Square napita haraka, kwa kuwa kila mtu anaijua: miti mikubwa, majengo ya serikali ya kikoloni, watu wanaosubiri shughuli zao ofisini. Nasimama tu kukumbuka kwamba miaka ya mwanzo ya karne ya 20 palikuwa na reli nyembamba kutoka Mji wa Kale kwenda Kilindini, na juu yake vigari vidogo vyenye paa. Bwana mkubwa alikaa. Watu walimsukuma wakikimbia. Yeye akafika na nguo zake safi. Lakini mteremko uko wapi, mwembe gani una kivuli cha kupumulia, upepo unaanzia kona ipi, hayo waliyajua wasukumaji, na kama Mombasa ingekuwa na kumbukumbu za miguu, ningeanza kusoma za kwao.

Kizingo kuna utulivu, kuna miembe na kuta za nyumba za wakubwa. Hapo sikio ndilo linalofanya kazi. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, ambao uzao wao uliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa pwani yote, wameuteka mji na kuwapokonya ndege wadogo mayai na makinda. Kwa hiyo ukisikia chozi au kurumbiza akiimba, jua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna bustani iliyofunga majani vizuri, na kivuli chake huenda kimemwagika mpaka njiani.

Kisha Mama Ngina, ambapo wengi bado wanapaita Lighthouse. Hapa nataka kukawia.

Mibuyu ya hapa ni mikongwe kuliko barabara, kuliko bandari ya Kilindini, na yumkini kuliko ngome. Eneo hili ndipo uliposimama mji wa Tuaca, makao ya Wakilindini, ambao pamoja na Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, wenzao wa Tisa Taifa katika yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Mji wenyewe umelala chini ya udongo. Mibuyu imebaki juu, na watu wameendelea kuiheshimu. Si ajabu kukuta kitambaa au harufu ya marashi katika tundu la shina. Mtoto anayemung'unya mabuyu mekundu kwenye kikaratasi chake, aliyoyanunua dukani pale Mkanyageni, anakula tunda la mti wa jamii hii, na napenda akifika hapa aonyeshwe.

Mwaka 2019 mahali hapa palitengenezwa upya, pakawekwa njia za kutembelea, ngazi na viti, na tarehe 20 Oktoba sherehe za Siku ya Mashujaa za taifa zikafanyika hapahapa. Nafurahi kwamba familia zinakuja kwa wingi, na kwamba mtu mzima anaweza kutembea bila kuhofia gari. Ila mbuyu una tabia yake ambayo wachoraji wa bustani huisahau: kiangazi hupukutisha majani. Katika joto kali, pale unapoutaka sana, matawi yake yako matupu. Wanaokuja mara kwa mara wanajua, kwa hiyo mvua zikikata hawafuati ukubwa wa mti, wanafuata mwarobaini na mwembe. Kama ningekuwa na neno la kusikilizwa, ningeomba miti hiyo ipandwe zaidi kando ya kila kiti.

Bahari nayo ina majira yake. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, mawimbi hupiga miamba kwa nguvu na upepo hukausha jasho kabla halijatoka. Hiyo ndiyo miezi ya kutembea mbali. Kaskazi ikiingia maji hutulia, joto hupanda, na safari hufupishwa ziwe za alfajiri na za baada ya Magharibi, mihogo ya kukaanga ikiwa motoni na ndimu na pilipili zimeandaliwa. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Hapo ndipo chini ya mwamba hufunguka njia nyingine, ya mawe na mchanga, ambayo saa sita baadaye haipo. Fundi wa kweli huijua saa ya kupwa kama ajuavyo saa ya sala, wala hathubutu kushuka asikoona pa kupandia.

Wapo watakaosema kwamba matembezi ya maana yako bara, kule Bamburi, na sibishani nao. Ni safari ya kuvuka Daraja la Nyali, lile la mwaka 1980 lililochukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931, kupita Kengeleni na kuendelea kaskazini. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba matumbawe mpaka ikabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti humo. Mvinje ukakubali. Tatizo likawa majani yake makavu, ambayo hayaozi kwa urahisi, na yasipooza hakuna udongo. Aliyelitatua ni jongoo, yule wa miguu myekundu tunayemjua sote mvua zinapoanza: aliletwa, akala yale majani, akayageuza mboji. Mwaka 1984 njia ya kutembelea ilifunguliwa kwa watu, na leo ndiyo Haller Park. Ninapotembea juu ya udongo ule laini hukumbuka kuwa umetengenezwa na kiumbe atembeaye polepole kuliko sote.

Lakini Bamburi mtu huingia kwa tikiti na hutoka kwa lango. Moyo wangu uko kwenye zile njia zisizo na lango, na hizo ndizo zinazonitia wasiwasi. Bustani yenyewe ina jina, ina bango, ikiguswa watu watapiga kelele. Kichochoro cha kuendea baharini hakina jina. Ukuta wa kiwanja kipya ukisogea hatua chache, njia iliyotumiwa na wavuvi na watoto tangu enzi za babu zao hufungwa, na hakuna gazeti linaloandika. Mwarobaini wa njiani ukikatwa ili duka lionekane, kiungo kimoja kimekatika, na bibi mwenye kikapu ataacha kupita pale saa nane mchana. Akiacha yeye, wataacha na wajukuu. Ndiyo maana nasema tutembee: njia inayopitwa kila siku ina mashahidi, na mwenye ukuta huwaona.

Ukitoka Mama Ngina na bado una nguvu, usirudi kwa njia ileile. Fuata ukingo kuelekea magharibi, uwanja wa gofu ukiwa jirani yako, mpaka uanze kusikia king'ora cha feri. Likoni mwenda kwa miguu havukishwi kwa pesa. Ataingia pamoja na wachuuzi, wanafunzi na mikokoteni ya hamali, atasimama upande wenye upepo, na ng'ambo ataanza upya kuuliza kivuli cha kwanza kiko wapi. Muulize mama wa madafu aliye juu ya kilima cha kutokea ferini. Yeye amechagua kukaa pale kwa sababu anajua.